Wadada wa mwaloni wanarudi dukani kila mwezi na shida ile ile. Ni zinaa, ni kichocho au ni nini?

#1 Mzee wa Kaunta

Habari za jioni wakuu. Naenda moja kwa moja.

Nina duka la dawa muhimu kwenye mwalo mmoja Kanda ya Ziwa, huu mwaka wa tano. Wateja wangu ni wavuvi, mama lishe, wachuuzi wa dagaa na wadada wanaouza miili. Hawa wa mwisho wanafuata giza. Mwezi ukiwa mchanga karabai zinaingia ziwani, hela ipo, nao wapo. Mbalamwezi ikikaa sawa wanatawanyika kambi nyingine au wanarudi mjini. Sitaki matusi humu, ni wateja wangu na wawili ni majirani.

Ninachokiona: anakuja dada, uchafu ukeni, anawashwa, tumbo la chini linavuta, wengine damu baada ya tendo. Anataka Metro (metronidazole) na azithro (azithromycin), zile antibayotiki. Anameza, wiki mbili nafuu, mwezi unaofuata yuko kaunta tena. Yupo mmoja nimemhesabia mara sita ndani ya mwaka. Nimewaandikia karatasi waende kituo cha afya, wakirudi wameandikiwa dawa zile zile nilizokuwa nawauzia mimi.

Hoja yangu ni kwamba hii si zinaa tupu. Wanaoga ziwani, wanafua ziwani, wanaosha dagaa ziwani. Ni kichocho kimeingia sehemu za siri, na kwa kazi yao wanakipata zaidi ya wanawake wengine. Nahisi wanawapa wavuvi, wavuvi wanawarudishia. Wenye elimu njooni mnikosoe.

#2 Nusu Kilo

Natia nanga. Nasubiri madaktari wa jukwaa na waganga wa kienyeji waanze.

#3 Hadubini

Mzee wa Kaunta, umechanganya kweli na si kweli kwenye chungu kimoja. Niko maabara mwaka wa kumi na mbili, ngoja nichambue.

Kichocho hakiambukizwi kwa ngono. Yai likitoka kwenye mkojo au kinyesi lazima lifike kwenye maji, liangue, kitoto kimtafute konokono, kikae humo wiki kadhaa kizaliane, ndipo watoke wale wenye mkia wanaotoboa ngozi ya mtu. Mvuvi na dada wakiwa kitandani konokono yuko wapi?

Halafu vichocho vyetu ni viwili. Cha mkojo minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yanapenya hadi mlango wa kizazi na uke. Hicho ndicho unachokisema wewe. Cha tumbo kinakaa mishipa ya utumbo, kinaharibu ini. Sasa sikiliza: ufukweni mwa Ziwa Victoria na visiwa kama Ukerewe, kinachotawala ni cha tumbo. Cha mkojo kiko ndani kidogo, kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga: Kwimba, Misungwi, Magu, Shinyanga. Konokono wake ni tofauti. Kwa hiyo dada akikaa mwaloni kwako miaka mitano anaosha dagaa, anachookota hapo kwa wingi ni cha tumbo. Mayai ya cha tumbo yamewahi kuonekana kwenye mlango wa kizazi, ila ni mara chache.

Na kimelea ambaye ningemtafuta kwanza hujamtaja kabisa. Trikomona. Huyo ndiye anapita kwa ngono, na dalili ulizoandika nyingi ni zake.

#4 Karabai Mbovu

Mi ni mvuvi. Naoga ziwani kila siku saa saba mchana nikiamka. Kwa maelezo ya Hadubini niko salama, hicho cha sehemu za siri ni cha wakulima wa mpunga 😂

#5 Hadubini

Saa saba mchana ndiyo saa yao mkuu. Konokono wanawaachia jua likiwa kali. Sijasema uko salama, nimesema utaugua kwingine.

#6 Karabai Mbovu

Duh.

#7 Nesi wa Zamu

Nakazia trikomona. Watu humu wakisikia zinaa wanawaza kaswende, gono na VVU, huyu mdudu hana jina hata mtaani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 156 kwa mwaka 2020 peke yake, watu wa miaka 15 hadi 49. Ni kijidudu cha seli moja, kina mikia, kinaogelea. Mwanamke anatoa uchafu wa kijani au njano wenye povu na harufu, ingawa wapo wengi wasio na dalili yoyote. Mwanaume kwa kawaida hajisikii kitu. Anakojoa vizuri, anakula ugali wake, anaendelea kugawa.

Sasa nikuulize wewe wa kaunta, kwa upendo: unawauzia Metro ngapi?

#8 Mzee wa Kaunta

Inategemea na mfuko. Wengine kumi, wengine sita. Wengine wanasema nipe za buku.

#9 Nesi wa Zamu

Haya. Dozi ya mwanamke mwenye trikomona ni miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku, siku SABA. Hesabu mwenyewe vidonge, halafu uniambie sita zinaponya nini. Na mwanaume wake asipotibiwa, hata ukimpa ndoo nzima atarudi. Kisha apimwe tena baada ya miezi mitatu.

#10 Mzee wa Kaunta

Nimepigwa. Ila swali ni yupi "mwanaume wake"? Kwa usiku mmoja wa giza anaweza kuwa na wanne.

#11 Sato Mbichi

Hapo sasa 😅

#12 Binti Kwimba

Nimesoma kimyakimya tangu jana nikasema nisichangie, ila hili swali la #10 limenichokoza.

Hao wanne wa usiku kwa kawaida wanavaa mpira, au angalau unawadai wavae na ukiwa na wenzio karibu wanavaa. Asiyevaa ni mmoja. Yule anayekuja mchana, anayekununulia gesi, anayejua jina lako la kwenu. Mimi nimefanya kazi hiyo Mwanza mjini na mialoni miaka sita, sasa ni mwelimishaji rika. Kila nikikaa na wadada wakinihesabia wateja nawaambia wateja waache kwanza, tuambiane kuhusu mpenzi. Hapo wanacheka, halafu wananyamaza. Trikomona nyingi inaingilia mlango huo.

Ila kilichonileta ni kichocho. Nina historia nacho.

Nilikuwa natoka damu kila baada ya kazi. Si hedhi, damu nyepesi na maumivu kama kuna mchanga ndani. Nilikwenda zahanati na vituo tofauti, siwataji. Kila nilipokwenda swali la kwanza lilikuwa "unafanya kazi gani", na nikishasema, faili limefungwa. Sindano, vidonge, "mlete mwenzako", na maneno ya kunisindikiza mlangoni. Nimetibiwa gono sijui mara ngapi bila kupimwa hata mara moja. Kuna kipindi nikaanza kuamini mwili wangu umeoza kwa dhambi, nikaacha kwenda.

Mwaka mmoja walikuja kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa kupaka siki. Daktari mmoja, mama mtu mzima, akaweka taa, akatazama muda mrefu. Akaniuliza, "Umekulia wapi mwanangu?" Nikamwambia Kwimba. "Mlikuwa mnalima nini?" Mpunga. "Ukiwa mtoto ulikojoa damu?" Nikashangaa, nikamwambia mbona wote tulikojoa, wavulana walikuwa wanashindana nani kaanza. Akamwita nesi aone. Alisema kuna vipunje kama mchanga wa njano kwenye mlango wa kizazi na mishipa imejikunja. Ni mayai ya minyoo niliyoyabeba tangu niko darasa la tatu.

Nikapewa dawa ya kichocho. Nilikuwa nimemaliza miaka sita nikitibiwa kazi yangu, kumbe nilikuwa naumwa jaruba la baba.

#13 Sato Mbichi

Pole sana dada. Huo mstari wa mwisho nimeurudia mara tatu.

#14 Nusu Kilo

Nilikuja kucheka humu. Nimeng'oa nanga nimekaa chini.

#15 Fundi Mita

Pole Binti Kwimba. Ulipona baada ya dawa?

#16 Binti Kwimba

@Fundi Mita damu imepungua sana, maumivu yapo yakija. Na nisiwadanganye, miezi michache baadaye nilipimwa vizuri nikakutwa na trikomona pia. Kwa hiyo sijui kipi kilikuwa kinafanya nini. Vilikaa pamoja kama wapangaji.

#17 Hadubini

Ahsante kwa ushuhuda. Hilo la kubaki na maumivu lina sababu. Prazikwanteli, hiyo dawa ya kichocho, inaua mnyoo mkubwa. Mayai yaliyokwisha kuzikwa kwenye nyama haiyatoi, na yakishaleta kovu, kovu linabaki. Ndiyo maana wanasisitiza mtoto atibiwe mapema kabla mayai hayajarundikana.

Jambo jingine ambalo hata wenzangu wa maabara wanalisahau: mwanamke mtu mzima anaweza kuwa na mayai kwenye kizazi na mkojo wake ukawa safi kabisa. Ukipima mkojo ukakosa, hujamaliza. Na huo mkojo wenyewe uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai yanatoka kwa wingi, ikiwezekana baada ya kutembea kidogo. Mkojo wa alfajiri ni wa mimba, si wa kichocho.

#18 Nesi wa Zamu

Naongeza kabla watu hawajakimbilia kununua dawa ya kichocho kiholela. Damu baada ya tendo lazima saratani ya mlango wa kizazi iangaliwe KWANZA. Isiwe tumetoka kwenye "kila kitu zinaa" tukaingia "kila kitu kichocho".

#19 Mtu wa Bandari

Salaam kutoka Mombasa. Mnazungumza maji ya ziwa na majaruba, naomba niwaongezee maji ya ndoo.

Hapa Mombasa kuna kundi la wanawake wa kazi hiyo ambao watafiti wamewafuata tangu miaka ya tisini mwanzoni, kila mwezi vipimo. Mambo mawili yalitoka pale. Moja ni la 2007: mwenye trikomona alikuwa na hatari ya kupata VVU karibu mara moja na nusu ya asiye nayo. La pili lilitoka mwaka mmoja kabla, kuhusu kujisafisha ndani. Waliojisafisha ukeni kwa maji walipata VVU zaidi ya wasiojisafisha, na wa sabuni zaidi ya wa maji.

Mimi dadangu mkubwa anauza vipodozi, na najua akina dada wanachonunua. Sabuni ya kufulia, ndimu, shabu ya kukaza, dawa za kienyeji za kukausha. Baada ya kila mteja. Ngozi ya ndani inachubuka, bakteria wazuri wanakufa, kisha mnasema ni konokono. Nyinyi mkiulizwa kama mmeuliza habari ya sabuni, mmeuliza?

#20 Karabai Mbovu

Kwa hiyo wasioge?

#21 Mtu wa Bandari

Waoge nje ndugu yangu. NJE. Ndani kunajiosha kwenyewe.

#22 Mzee wa Kaunta

Sabuni sijawahi kuuliza. Shabu nauza mwenyewe. Sasa naona kila post inanihukumu.

#23 Sato Mbichi

Mleta uzi alikuja kama shahidi sasa ni mshtakiwa namba moja 😂😂

#24 Mjukuu wa Chifu

Tuache kuzungushana. Hayo ni majini mahaba. Dada analala na wanaume ambao hawajui walikotoka, jini la ziwani linaona wivu. Kuna mzee huku Sengerema ana dawa ya kufukiza.

#25 Nesi wa Zamu

@Mjukuu wa Chifu huyo jini anakufa kwa Metro ya siku saba?

#26 Mjukuu wa Chifu

Anapungua nguvu.

#27 Nyar Homa Bay

Hamjambo wote. Hapa kwetu Nyanza hiyo biashara ina jina, jaboya. Mama anataka omena, dagaa mnavyoita nyinyi, ya kuuza, mvuvi anasema samaki ni ya bibi yangu wa ufuo. Wengi hawawezi kujiita malaya wala hawapokei pesa, wanapokea samaki. Nasema hivi kwa sababu mkihesabu tu wale wa lodgi na baa mtaacha nusu ya watu. Huyo mama hatajitokeza kwa kliniki ya wanawake wa kazi kwa sababu yeye si wa kazi, ni mchuuzi. Na ndiye anasimama majini hadi magotini kila asubuhi akingoja boti.

Kuna vikundi vya akina mama huku waliwahi kupata boti zao wenyewe ndio waache kutegemea mvuvi. Ikasaidia, halafu ziwa likafurika 2020 likaharibu mambo mengi.

#28 Binti Kwimba

@Nyar Homa Bay huku kwetu pia wapo, na ni wengi. Ukimwita dada poa atakurushia beseni la dagaa usoni.

#29 Msema Kweli wa Ilemela

Nimesoma yote. Nina shaka na kitu kimoja. Kila mwaka NGO zinakuja na ugonjwa mpya wa kuomba hela. Jana malaria, leo eti kichocho kinaleta VVU. VVU inaletwa na ngono, basi. Hizi nyingine ni chai.

#30 Hadubini

Hakuna aliyesema kichocho kinaleta VVU. Kinafungua mlango. Uke wenye vidonda vidogo na mishipa inayovuja damu ni rahisi kupenywa, na pale kwenye mayai ndipo chembe za kinga ambazo VVU inazipenda zinajazana.

Zimbabwe 2006, wanawake vijijini: waliokuwa na kichocho cha sehemu za siri walikutwa na VVU kwa uwezekano wa karibu mara tatu. Watafiti waliofanya kazi huku kwetu Mwanza waliona uhusiano kwa cha mkojo, walitoa matokeo 2011. Mwaka uliofuata wakatoa ya visiwani na ufukweni ambako ni cha tumbo, wakauona tena kwa wanawake. Hicho cha tumbo kinanisumbua kwa sababu hakikai pale.

#31 Msema Kweli wa Ilemela

Ukikuta watu wawili wana njaa na wana viatu vibovu haina maana viatu vinaleta njaa. Anayeosha dagaa ndiye pia anayelala na mvuvi. Maji na ngono viko kwa mtu mmoja. Na Uganda kwenye jamii za wavuvi waliangalia jambo hilo hilo la kichocho cha tumbo na VVU wakakosa uhusiano. Hiyo mbona huitaji?

#32 Hadubini

Hiyo ya Uganda ni kweli, nakupa. Na ya viatu nakupa nusu. Watafiti wanajaribu kutenganisha kwa hesabu ila hesabu haimtoi mtu majini.

#33 Mstaafu wa Magu

Vijana, nimefurahi kuona ubishi wa akili. Niruhusuni nirudishe nyuma kidogo. Miaka ya 1991 hadi 1994 mkoani Mwanza tulifanya jaribio kubwa, nilikuwa mganga msaidizi kijijini. Vijiji vingine viliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwa dalili: mtu akija na uchafu unamtibu kwa mpangilio bila kusubiri maabara. Vingine vilisubiri. Matokeo yalitoka 1995, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa kama asilimia 40 kwenye vijiji vilivyotibiwa. Dunia nzima ikaja kujifunza kwetu. Halafu Rakai, Uganda, wakajaribu kwa njia yao, kutibu watu wote kwa mkupuo, hawakuona kupungua. Wasomi walibishana miaka mingi na sijui kama wameacha.

Ninachotaka kusema ni kwamba kutibu kwa dalili huku mnakokulaani leo kuliokoa watu. Hatukuwa na hadubini. Hao wateja wa kaunta wasingepimwa na mtu yeyote mwaka ule.

#34 Binti Kwimba

Shikamoo mzee. Sikulaani kutibu kwa dalili. Ila kwenye chati ile ya dalili kichocho hakikuwemo. Ukiingia na damu na uchafu, mishale yote inaelekea zinaa. Mwenye kichocho atazunguka humo mpaka azeeke.

#35 Mstaafu wa Magu

Marahaba mwanangu. Hapo umenishika. Tulikuwa tunajua kichocho ni cha watoto wa shule na mkojo wao. Mama zao hatukuwaangalia.

#36 Mwana wa Chake

Hilo la "cha watoto wa shule" ndilo hasa. Sie huku Pemba na Unguja kipo cha mkojo tu, cha tumbo hatuna. Toka 2011, 2012 hivi umepita mradi mkubwa, dawa skuli, dawa mitaani nyumba kwa nyumba, konokono wakauliwa sehemu nyingine, na kimeshuka sana. Bado kuna vishehia vyenye bwawa ambavyo hakitoki. Kwengine kote dawa imekwenda skuli, miaka mitano mpaka kumi na nne. Aliyekimbia skuli hakumeza. Aliyeolewa hakumeza. Na aliyekwenda mjini kujitafutia ndo kabisaa. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, ilipanua 2022, ikasema kila mtu kuanzia miaka miwili kwenye maeneo yenye ugonjwa, ila baina ya karatasi na kijiji pana bahari.

#37 Fundi Mita

Dozi ya kichocho ni ngapi kwa mtu mzima? Naona shuleni wanapima kwa fimbo.

#38 Nesi wa Zamu

Ile fimbo inapima urefu badala ya mizani. Kiwango cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kidonge ni 600. Mwenye kilo 60 anameza vinne kwa mara moja. Ni vikubwa, vichungu, ameze ameshiba, tumbo linaweza kuvuruga siku hiyo. Usinunue peke yako, kaandikiwe. Mjamzito naye tangu 2002 WHO inaruhusu atibiwe, wengi bado wanamnyima.

#39 Sato Mbichi

Na hii ya kutokunywa pombe ukiwa na Metro? Maana mwaloni bila kitu kidogo hakuna kazi.

#40 Nesi wa Zamu

Tulifundishwa ni marufuku, utatapika. Miongozo ya Marekani ya 2021 imeliondoa hilo katazo, wanasema ushahidi haupo.

#41 Mstaafu wa Magu

Mimi nimeona waliotapika.

#42 Nesi wa Zamu

Pengine ni pombe yenyewe mzee wangu 😊

#43 Binti Kwimba

Msilicheke hili, ni kubwa kuliko mnavyodhani. Dada akiambiwa "usinywe siku saba" anachagua kazi, kwa sababu mteja ananunua bia kwanza. Anaruka dozi Ijumaa na Jumamosi, anamalizia Jumatatu. Nimeona pakiti nyingi zimebaki vidonge vinne.

#44 Mzee wa Kaunta

Kumbe ndiyo maana. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wasinywe.

#45 Nusu Kilo

Mshtakiwa amekiri tena.

#46 Daladala ya Usiku

Kuna mtu kataja fangasi? Mke wangu anasumbuliwa na fangasi kila mara, na yeye si wa kazi hiyo. Je ni kimelea?

#47 Hadubini

Fangasi si kimelea kwa maana tunayoongelea hapa, na ile harufu ya samaki ya bakteria nayo si kimelea. Vyote vinaitwa "uchafu" dukani na vyote vinapewa Metro, ambayo fangasi hata haimgusi. Fungua uzi wako mkuu, huu umejaa.

#48 Daladala ya Usiku

Sawa. Asanteni.

#49 Karabai Mbovu

Nimewaza tangu juzi. Sisi wanaume je? Hamjatugusa.

#50 Hadubini

Wapo waliogusa. Kusini mwa Ziwa Nyasa upande wa Malawi, Mangochi, wavuvi walipimwa wakakutwa na mayai ya kichocho cha mkojo kwenye manii. Kule ziwa lenyewe lina cha mkojo, si kama letu. Ukiona damu kwenye manii usinyamaze. Na trikomona utakuwa nayo bila kujua, kapime wewe na huyo wa gesi.

#51 Karabai Mbovu

Umejuaje nanunua gesi?

#52 Sato Mbichi

😂😂😂😂 uzi umepata mmiliki wake

#53 Mzee wa Kaunta

Wakuu, mrejesho. Yule wa mara sita nilimwambia safari hii sikuuzii, nenda kapime, nauli natoa mimi. Nilimwandikia kwenye karatasi: trikomona, kichocho, mlango wa kizazi. Kakulia Misungwi, mpunga, nilimuuliza kama Binti Kwimba alivyoulizwa. Kisha nikamuuliza sabuni. Anatumia ya kufulia, ya mche.

Amerudi leo. Mkojo: hakuna mayai. Ute: hawakuangalia, wanasema taa ya hadubini imeungua tangu mwezi uliopita. Mlango wa kizazi: arudi Alhamisi, siku ya siki. Amepewa Metro ya siku saba na karatasi ya mwenzie.

#54 Nesi wa Zamu

Hata hadubini ingewaka, trikomona mara nyingi inapita bila kuonekana. Ute ukikaa saa nzima mezani wadudu wanaacha kuogelea na huwaoni. Hata ikiangaliwa vizuri, katika kumi wenye nao inaweza kuwapata watano au sita. Mweleze arudi hiyo Alhamisi bila kukosa. Mwenzie kaja?

#55 Mzee wa Kaunta

Mwenzie yuko kambini hadi giza liishe.

#56 Msema Kweli wa Ilemela

Kwa hiyo kichocho hana. Nilisema.

#57 Hadubini

@Mzee wa Kaunta huo mkojo ulichukuliwa saa ngapi?

#58 Mzee wa Kaunta

Saa moja na nusu asubuhi. Aliwahi foleni.